Kipimo chenye makundi mawili

Katika mafumbo ya kupanga maneno 16 katika makundi manne, ambayo gazeti la New York Times liliyapa umaarufu mkubwa kuanzia mwaka 2023, maneno yanayonikwamisha zaidi ni vipimo vya kila siku. Neno «mwezi» linaweza kusimama pamoja na saa, wiki na mwaka, au likapanda angani kuungana na jua, nyota na sayari. Hata hivyo naliona kuwa mtego wa haki, kwa sababu kundi la angani likibaki na maneno matatu tu, mwezi hauna pa kwenda isipokuwa huko.

Ugumu wa kweli umo katika vyombo. Kikombe, kijiko, debe na kibaba ni vitu vinavyoshikika mkononi na papo hapo ni vipimo, wala hakuna maana moja inayoweza kuitwa ya ziada. Mtunzi akiviweka karibu na ratili na pishi, huku sahani na sufuria zikiwa pembeni, anaweza kuacha majibu mawili yaliyo sahihi sawasawa. (Hata kama kipimo, kikombe hakitulii: cha Marekani ni takriban mililita 237, cha Australia ni 250.)

Ninayemstahi ni mtunzi anayechagua «shubiri», urefu wa kiganja kilichokunjuliwa kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kisha akaificha miongoni mwa mimea, ambako shubiri ni ule mmea mchungu.