Siku mbwa alipokataa banda tulilomjengea

Banda lilikuwa zuri. Mbao zilipigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu. Paa lilikuwa la mgongo kama nyumba ya mtu, kulikuwa na kidirisha cha kioo, na juu ya mlango jina la mbwa lilichongwa kwa herufi za mviringo. Wanafunzi wangu wanne walilitengeneza kwa wiki sita kwenye karakana ya fundi mmoja pale Keko. Siku ya kulipeleka Mbezi kwa mwenye mbwa tulilipakia kwenye kirikuu, tukiwa na furaha kama watu wanaopeleka posa. Mbwa akalizunguka mara moja, akanusa mlangoni, akapiga chafya, kisha akaenda kujilaza mchangani chini ya mwembe. Hakuingia siku ile, wala wiki nzima iliyofuata.

Ninafundisha ubunifu wa bidhaa chuoni, Dar es Salaam. Somo la kubuni vitu vya kuboresha maisha ya wanyama wa nyumbani nililiomba mwenyewe, kwa sababu nimekua nikiona mbwa wakifungwa kutwa nyuma ya nyumba, kando ya choo au tangi la maji, na roho ilikuwa inaniuma. Kwa hiyo lile banda halikuwa kosa la wanafunzi peke yao. Mimi ndiye niliyepitisha michoro.

Nililala nikiliwaza. Mbwa hasomi jina lake mlangoni. Kioo kilikuwa kinaingiza jua la saa tisa moja kwa moja ndani. Vanishi ilikuwa bado mbichi, na pua ya mbwa haistahimili harufu ambayo sisi tunaizoea kwa siku mbili. Tulikuwa tumembunia mwenye mbwa, yule anayelipa, na mtumiaji mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Muhula uliofuata nikaanza upya. Wiki mbili za kwanza nilikataza penseli. Kila kundi lilichagua nyumba moja yenye mbwa, paka au sungura, kwa ruhusa ya wenyewe, na likaenda mara tatu: alfajiri, mchana wa jua kali, na usiku. Kazi ilikuwa kuandika mnyama anafanya nini, basi. "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kuchora," mmoja alilalamika, na nilimwelewa. Lakini daftari lilipoletwa na sentensi "mbwa ana huzuni", niliikata. Lililoandikwa "amelala mlangoni, pua ameiweka kwenye ufa wa bati, ameinuka mara tisa ndani ya saa moja, kila mara geti lilipolia" niliwasomea wote kwa sauti. Katika sentensi hiyo tayari kuna bidhaa: banda lile lilikuwa limeelekezwa ukutani, na mbwa aliyepewa kazi ya kulinda geti alikuwa halioni.

Niliwataka pia wapige magoti, au walale kifudifudi kabisa, macho yao yawe kwenye urefu wa macho ya mnyama. Hili nimelichukua kwa Temple Grandin, profesa wa Marekani aliyebuni njia za kupitishia ng'ombe machinjioni na kwenye mashamba. Yeye aliingia mwenyewe kwenye vile vichochoro, akaona kivuli, mnyororo unaoning'inia, mwanga unaometa kwenye maji, vitu vidogo ambavyo mtu aliyesimama juu havioni lakini ng'ombe hugoma kwa ajili yake. Wanafunzi wangu walipolala mbele ya banda moja la bati saa nane mchana, waliamka wenyewe bila kuambiwa. Kipimajoto nilichowapa kilisoma nyuzi 41 ndani, wakati kivulini nje ilikuwa 32.

Siku hiyohiyo nilimwita daktari wa mifugo, mhitimu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, awaeleze maana ya namba hiyo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hutoa kidogo tu kwenye nyayo. Joto lake hulitoa kwa kutweta, yaani kwa kupitisha hewa haraka kwenye ulimi na koo lenye unyevu. Akitweta ndani ya sanduku lenye hewa ya moto, ananyonya moto uleule. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 38 hadi 39, na likivuka 41 maisha yake yako hatarini. Darasa lilikuwa kimya sana.

Kuna jambo sikulitarajia na ndilo lililonifundisha zaidi. Msichana mmoja kutoka Unguja alinisubiri nje ya darasa. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi mbwa siwezi kumgusa." Mimi mwenyewe ni Mwislamu, nimelelewa hukohuko pwani kwenye madhehebu ya Shafi. Najua mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikamwambia achague paka, hakuna alama itakayopungua. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini yule mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, si alisamehewa dhambi?" Nikamjibu ndiyo, alisamehewa. Akarudi kwenye kundi la mbwa.

Huyo ndiye aliyegundua tusichokiona sote. Katika nyumba iliyochaguliwa na kundi lake, kule Mbezi, msichana wa kazi na mlinzi wote walikuwa Waislamu. Chombo cha maji kilikuwa dumu lililokatwa nusu. Mbwa akilipindua asubuhi, hakuna anayeliokota mpaka baba mwenye nyumba arudi jioni. Hawakuwa wakatili hata kidogo, ila hawakutaka kuingiwa na najisi na usumbufu wa kujisafisha upya. Dawa aliyoibuni ni bakuli pana la udongo, zito lisilopinduka, lililokaa ndani ya uzio wa mbwa, na bomba la plastiki linalotoka nje ya uzio kwenye kimo cha kiuno. Mtu anamimina maji kwa nje, mkono wake haufiki alipolamba mbwa. Mfinyanzi alitaka kulipaka rangi ya kung'aa. Yeye akakataa, kwa sababu mtungi wa bibi haukupakwa kitu na ndiyo maana maji yake yalikuwa baridi: udongo unavuja jasho taratibu, jasho linakauka, linaondoka na joto. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi kabla ya kuona kazi iliyomheshimu mnyama na mtu anayemhudumia kwa pamoja namna ile.

Banda lenyewe lilitengenezwa upya mara tatu. Walitumia bati kuukuu juu, kisha makuti juu ya bati, na nafasi ya hewa ya kiganja kimoja chini ya paa. Sakafu waliinyanyua kwa miguu na kuweka chaga, kama za kitanda, ili hewa ipite chini ya tumbo. Nilifurahi, lakini daktari alipokuja alizigusa zile chaga na kutikisa kichwa. Kupe wa mbwa hupenda kujificha kwenye nyufa za banda, wanatagia humohumo, na unaweza kumwogesha mbwa kila wiki bila kupunguza kitu. Ikabidi chaga ziwe fremu moja inayochomoka, inayosuguliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kila kiungo kizibwe. Vanishi hawakupaka ndani.

Kundi la paka nitalitaja kwa ufupi. Walikuta watu wakiwapeleka paka kwa daktari ndani ya viroba vilivyofungwa kamba, wakasuka kikapu cha ukindu chenye kifuniko kinachofunguka juu. Uzuri wake ni kwamba kifuniko kinaondolewa nyumbani, kikapu kinabaki kitanda cha paka mwaka mzima, na siku ya kliniki hakuna kumkimbiza chini ya makabati. Kwa daktari, paka anakaguliwa akiwa amelala humohumo.

Kabla ya majaribio niliwasimulia habari ya kuku wa Uingereza. Mwaka 1965 kamati ya Brambell, iliyochunguza ufugaji wa viwandani, ilishauri wavu mwembamba wa pembe sita usitumike kwenye sakafu za vizimba, ikiamini unawaumiza kuku miguu. Mwaka 1973 watafiti Hughes na Black waliwapa kuku nafasi ya kuchagua, na kuku wakaupendelea uleule wavu uliokataliwa. Kamati ile ilikuwa na watu wenye nia njema na elimu kubwa. Nilitaka wanafunzi walishike hilo kabla hawajajisifu.

Kwa hiyo safari hii banda la zamani halikuondolewa. Yote mawili yaliachwa wazi, lile banda jipya likiwa limeelekea geti, na mlinzi, mzee mmoja mvumilivu sana, akakubali kuweka alama kwenye karatasi kila saa: la zamani, jipya, nje. Siku tatu za kwanza karatasi ilisema nje, nje, nje. Wanafunzi walikuwa wakinipigia simu usiku. Siku ya nne waliweka ndani ya banda jipya gunia kuukuu alilokuwa akilalia, halijafuliwa. Saa saba mchana mzee aliandika "jipya", na chini yake, bila kuombwa, "kalala kabisa".

Ningeweza kufunga somo hapo. Lakini wakati wa kuwasilisha, kijana mmoja alisimama akasema bakuli ni zuri, banda ni zuri, na mbwa bado ana mnyororo kwa saa kumi na mbili. Nilikuwa nimewagawia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na alikuwa ameisoma. Tukarudi Mbezi. Kumbe mbwa anafungwa kwa sababu watoto hupita uani kwenda kwenye kamba ya nguo na bomba la maji. Wakachora ua wote kwa vipimo, wakaandika saa za kila mtu kupita, wakaona kwamba pembe ya nyuma haipitiwi na mtu yeyote. Wakaweka uzio mfupi wa wavu na kijigeti kimoja, wakahamisha kamba ya nguo hatua nne. Gharama haikufika nusu ya banda.

Nilipopita mwezi uliofuata kuchukua kipimajoto changu, mnyororo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya choo. Mzee mlinzi alikuwa anamimina maji kwenye bomba, na mbwa alisimama upande wa pili, akisikiliza yakishuka.