Madoa Yamekwisha, Dawa Bado: Siku Moja na Kangaja Mgonjwa Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Siwashi taa. Kangaja, samaki wa bahari, akishtuliwa na mwanga hujirusha huku na huku na kujigonga kwenye kioo, na huyu ngozi yake bado haijakaa sawa. Nafungua pazia kidogo, nakaa kwenye kigoda, nangoja kupambazuke. Kisha naangalia anavyopumua. Mashavu yanafunguka na kufumba kwa utaratibu, pande zote mbili sawa. Alipoletwa hapa alikuwa amejibanza chini ya mapovu ya pampu, anahema juu juu, shavu moja halifunguki, na mwili mzima umejaa punje nyeupe za ukubwa wa chembe ya chumvi. Leo sioni punje hata moja.

Ni kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, anayepatikana hata kwenye matumbawe ya Pwani yetu. Ukimchosha kwa safari na ukambana kwenye tangi dogo, ugonjwa huu wa madoa meupe humshika kabla ya wenzake wote. Mimi kazi yangu ni kutunza matangi ya watu hapa Kisumu. Mengi ni ya maji matamu. Ya maji ya chumvi ni machache, na hayo ndiyo yanayoninyima usingizi.

Saa kumi na mbili na nusu

Vipimo kabla ya chai. Tangi la karantini ni la lita 100 na halina pambo lolote: hakuna mchanga, hakuna mawe, ni vipande vya paipu za plastiki tu vya kujifichia. Mawe ya chokaa hunyonya shaba, nayo shaba ndiyo dawa yenyewe. Ninayotumia huwekwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Ikipungua, vimelea vinapona; ikizidi, samaki ndiye anayeumia, na makangaja hawastahimili shaba kama samaki wengine, kwa hiyo nilipandisha dozi polepole kwa siku kadhaa. Ziko dawa za shaba zilizofungwa na kemikali nyingine, na hizo zina kipimo chake kikubwa zaidi. Tafadhali usichanganye hesabu za dawa hizi mbili, wengi wamepoteza samaki hapo.

Leo shaba inasoma 0.18. Amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, haionekani. Chumvi, kwa kipimo cha uzito wa maji, imepanda hadi 1.026 badala ya 1.025, maana joto la Kisumu linakausha maji usiku kucha na chumvi inabaki. Naongeza maji matamu kidogo kidogo hadi mstari niliochora kwenye kioo.

Saa tatu asubuhi

Boda hadi mjini, Barabara ya Oginga Odinga, kwenye kliniki ya meno lilipo tangi kubwa alikotoka kangaja. Limebaki na matumbawe, konokono na kamba wawili. Samaki hata mmoja hamna. Nasafisha kioo, namwaga kikombe cha uchafu, nawalisha kamba. Mtoto mmoja aliyekuja kung'olewa jino ananisimamia begani.

"Yule wa buluu yuko wapi?"

"Anaumwa. Namtibu nyumbani kwangu."

"Anadungwa sindano?"

Nikamweleza kwamba dawa yake iko ndani ya maji yenyewe. Akaridhika, akaitwa ndani.

Saa tano

Daktari anatoka kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, simu mkononi, picha niliyomtumia jana imefunguka.

"Fundi, huyu mbona amepona? Nirudishie leo basi. Watoto wananiuliza kila siku."

Hapa ndipo samaki wengi wa karantini wanapofia, kwa hiyo nikaweka kitambaa chini, nikamweleza pole pole. Kimelea hiki, Cryptocaryon irritans, kikiwa kwenye samaki kimejichimbia chini ya ngozi na dawa haikifikii. Baada ya siku 3 hadi 7 kinajiangusha chenyewe. Hapo doa linapotea, na mwenye samaki anashangilia. Kumbe kimelea kimekwenda kujigandisha chini, kimejifungia kwenye kifuko kigumu, na humo ndani kinagawanyika hadi vinakuwa mamia. Vifuko vingine hupasuka baada ya siku chache, vingine baada ya wiki. Watoto wakitoka wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili wanakufa. Shaba inawaua katika kipindi hicho cha kuogelea peke yake. Ndiyo maana nashikilia siku 30 za dawa bila kukatiza, hata madoa yakipotea wiki ya kwanza.

"Na hili tangi langu?"

"Hili lazima likae bila samaki siku 76, Daktari, vifuko vyote viishe. Kamba na konokono hawashikwi na kimelea hiki."

"Si utie dawa humu humu, tumalize?"

"Shaba itaua kamba, konokono na matumbawe yote. Na mawe yakishainyonya, tangi litabaki na mabaki ya shaba."

Alinyamaza akitazama matumbawe yake. Kisha akamwambia dada wa mapokezi abandike karatasi kwenye kioo, aandike kwamba samaki yuko kwenye matibabu na atarudi. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kulipwa.

Saa nane mchana

Kijana wangu wa kazi anapiga simu: stima imepotea. Hita hainisumbui, mji wenyewe una joto la kutosha. Ninachohofia ni hewa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, ya chumvi huishika kidogo zaidi, na Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi kuliko huko Pwani alikozaliwa kangaja huyu. Mashavu yaliyoliwa na vimelea hayavumilii upungufu huo. Nikamwambia awashe pampu ya betri, mawe mawili ya kutoa mapovu ya hewa, na asimlishe mpaka nifike.

Saa kumi

Stima imerudi. Kubadilisha maji. Watu huniuliza kwa nini nanunua chumvi ghali na ziwa liko pale Dunga. Ziwa Victoria ni maji matamu, na chumvi ya kupikia ya soko la Kibuye haina kalisi wala magnesi wanayohitaji samaki wa bahari. Hutia gramu 35 hivi za chumvi ya matangi kwa kila lita ya maji yaliyotolewa klorini, pampu ikavuruga usiku kucha. Na kabla ndoo haijamwagwa tangini, dozi ya shaba inatangulia ndani ya ndoo, kwa sababu maji niliyotoa yameondoka na shaba yake.

Saa kumi na moja jioni

Anakula! Nimebana kipande cha mwani mkavu, usio na mafuta wala viungo, kwenye kibanio cha kioo. Akazunguka, akang'ata pembeni, akatingisha kichwa mpaka kikakatika. Alipogeuka niliuona ule mwiba kwenye shina la mkia, mkali kama wembe. Kwa ajili yake simvui kwa wavu hata siku moja: unanasa kwenye nyuzi, samaki anajichana. Namwongoza aingie kwenye bakuli la plastiki.

Saa tatu usiku

Simu kutoka Nakuru, ndugu yangu wa kazi. Samaki wake wa anemoni ana utando mweupe mwili mzima, anahema, hali tangu jana. Anataka kumtia shaba. Nikamzuia. Utando mzito namna ile kwa samaki wa anemoni, unaokuja ghafla, mara nyingi ni brukilinela, kimelea kingine kabisa, na shaba haikiwezi. Hicho kinahitaji fomalini, kemikali kali, kwa glavu, madirisha wazi na hewa nyingi tangini. Kwa usiku huu amwogeshe kwenye maji matamu yenye joto na pH (kipimo cha uchachu) sawa na ya tangi, dakika tano, akimtazama muda wote, kisha amweke kwenye tangi safi.

Saa nne na nusu akanitumia ujumbe: ametoka salama kwenye maji matamu, utando umepungua, na duka la kemikali likifunguliwa asubuhi atakuwa mlangoni.