Mjusi wangu alipogoma kula

Tulihama Kisumu kwenda Nakuru mwezi wa saba, nikiwa darasa la sita, na kitu pekee nilichokataa kuacha ni mjusi wangu. Mjusi kafiri wa kawaida tu, wale wa kukaa ukutani karibu na balbu, ila huyu nilimlea tangu akiwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Nilimtia kwenye chupa ya plastiki niliyoitoboa matundu nikaipakata kwenye matatu safari nzima, Kericho mvua, Mau Summit baridi mpaka konda mwenyewe amejikunyata.

Kisumu huyu jamaa alikuwa mlafi bana. Wale wadudu wa ziwa wakija jioni kama wingu unafungua tu mfuniko. Nakuru siku ya kwanza hakula nikasema ni uchovu, ya pili hakula, ya tatu nikashika nzi nikamwekea, nzi akatembea juu ya kichwa chake akashukia mgongoni na yeye hata hajashtuka. Kufikia siku ya tisa mkia, ambao ndio stoo yake ya mafuta, ulikuwa umekonda mpaka unaona pingili.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Dada yangu akamwekea chembe ya ugali. Mathe akasema nitupe hiyo kitu kabla haijaniuma (hajawahi kuuma mtu, lakini nenda wewe umwambie mathe). Kwa agroveti jamaa alicheka mpaka akaketi, halafu bado akaniuzia vitamini za kuku, pesa yangu ya lanchi ikaenda hivyo. Nilimdondoshea tone mdomoni, likatiririka shingoni.

Aliyenisaidia ni jirani wa ploti, tulimwita Mama Kuku juu alikuwa na vifaranga kama 100 nyuma ya nyumba. Alichungulia chupa kidogo tu. "Huyu si mgonjwa, huyu ana baridi. Hata kifaranga akipigwa na baridi haguzi chakula." Mimi sikujua kwamba mjusi hana joto lake, analiazima kwa ukuta na mabati yaliyopigwa jua, na tumbo likipoa chakula hakisagiki.

Akaniruhusu niweke katoni karibu na balbu ya vifaranga, si karibu sana, "weka mkono hapo, ukiona unaungua jua na yeye anaungua." Nikamwekea gome la mti ajifiche, nikanyunyiza maji kwa ukuta wa katoni kwa sababu hawa hulamba matone, na wale nzi Mama Kuku akasema nitoe wote, mgonjwa hasumbuliwi na chakula.

Usiku wa pili alitoa ulimi akalamba jicho, lile jicho lisilo na kope, polepole kama mtu anapangusa kioo cha gari. Nilikaa hapo na tochi mathe akiniita mara ya tatu. Siku ya nne nondo akazunguka balbu akaangukia kwenye katoni, na sikuona hata vile ilifanyika, niliona tu bawa moja limebaki nje ya mdomo.

Wiki iliyofuata nikakuta katoni tupu. Nililia, sitadanganya. Jioni Mama Kuku akapiga kelele kutoka bandani, "Wewe mtoto wa Kisumu, kuja uone mgeni wako," na kumbe yuko kwa boriti juu ya balbu, mkia umeanza kujaa.

"Leo usimletee kitu," akaniambia, "ashakula nondo watatu."