Mkalimani hasubiri sentensi iishe

Watu wengi wanadhani sisi wakalimani tunasubiri sentensi iishe ndo tuitafsiri, hapana jamani, ukisubiri iishe umeachwa, msemaji kashafika kwingine. Pale kwenye kibanda cha wakalimani tunakaa nyuma ya msemaji sekunde mbili mpaka nne hivi na humo humo kichwa kinasikiliza, kinaongea na kinabashiri neno linalokuja.

Na kubashiri sio kwa wakalimani tu. Daladala la Mbagala limejaa, konda akianza "jamani sogeeni..." ushajua ni nyuma. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, Marekani, waliwapa watu sentensi wasome neno moja moja huku wanapima umeme wa ubongo, sentensi inaenda vizuri halafu mwishoni mtu anapaka mkate soksi, na milisekunde kama 400 baada ya hilo neno ubongo ukatoa wimbi lake la neno usilolitegemea, linaitwa N400. Halafu 1999 Gerry Altmann na Yuki Kamide wakafuatilia macho, picha ina mtoto, keki na vitu visivyolika, watu wakisikia tu mtoto atakula, macho yashaenda kwenye keki na keki yenyewe haijatajwa!

Sasa njoo kwenye Kiswahili, hapa ndo napapenda. Kiingereza kinatanguliza sifa, kubwa, mpya, muhimu, jina la kitu chenyewe linakuja mwisho. Mi nitasemaje wakati sijui ni mkubwa, kikubwa au makubwa, ngeli inatoka kwenye jina na jina halijatoka? Kama mada ni bandari na kashataja meli na makontena basi naenda na mzigo, mzigo mkubwa. Nikiona giza naanza na kitu kisichonifunga, "kwa upande wa bandari yetu", napata sekunde ya kusikia zaidi. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ni raha, mtu akifika tu "hatuta..." nishajua ni sisi, ni baadaye na ni kukataa, kimebaki kitendo tu.

Ndo maana waandaaji wa mikutano hapa Dar nawaomba kila siku, tuleteeni hotuba mapema, hata kama ni rasimu, maana kichwa kinabashiri kutokana na kile kinachokijua, kisipojua kitu kinabashiri nini? Ila majina ya watu na takwimu hata ujiandae vipi hayabashiriki, hayo mkalimani mwenzangu tunayepokezana kibandani ananiandikia kwenye karatasi huku mi naongea, na zamu yake ikifika namwandikia yeye.