Saa Tisa na Dakika Kumi

Binti yetu alikuwa ametimiza miaka minne na miezi michache wakati mama yake alipolala nje ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu amzae. Mimi ndiye niliyemsihi aende. Ilikuwa safari ya kikazi ya siku mbili tu, nami nilikuwa nimejitapa kwamba hakuna nisichokijua: najua kumwekea katheta, mpira mwembamba wa kutoa mkojo, kila baada ya saa nne mchana na mara ya mwisho saa tano usiku, najua dawa ya kifafa inapimwa kwa bomba lipi, najua kwamba glovu za mpira wa kawaida hazifai kumgusa kwa kuwa watoto wenye mgongo wazi hupata mzio wa mpira huo kwa urahisi kuliko watoto wengine. Mke wangu alisimama mlangoni na begi lake, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza neno moja tu. "Na shanti?"

Nikamwambia shanti naijua.

Mtoto wetu alizaliwa na mgongo wazi, hali inayotokea pale mfereji wa uti wa mgongo unaposhindwa kufunga katika siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana ujauzito. (Waliotuuliza kama mke wangu alimeza vidonge vya foliki asidi walikuwa wengi, na karibu wote hawakujua kwamba vidonge hivyo hupunguza hatari bila kuiondoa, na kwamba vinapaswa kuanza kumezwa kabla ya mimba yenyewe. Yeye alivimeza. Nimechoka kulieleza jambo hilo, lakini hapa nalieleza.) Kama inavyotokea kwa wengi wenye hali hiyo, maji ya ubongo nayo yalianza kujaa kichwani, na alipofikisha wiki tatu akawekewa shanti, yaani mpira mwembamba unaotoka ndani ya ubongo, ukapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, ukaishia tumboni, ambako maji yale hunyonywa na mwili. Nyuma ya sikio lake la kulia kuna uvimbe laini unaolingana na punje ya harage. Hapo ndipo ilipo vali inayoamua maji yapite kiasi gani. Yeye aliuita kitufe. Siku moja nikimchana nywele aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayefanya uchunguzi wa dhati, kama nikikibonyeza atazimika.

Shanti ni chombo kinachookoa maisha na kinachoharibika. Kwa watoto, karibu nusu hupata hitilafu ndani ya miaka miwili ya kwanza, na inapoziba, ubongo hausubiri, kwa sababu maji huendelea kutengenezwa usiku na mchana. Kwa mtu mzima hufikia karibu nusu lita kwa siku. Dalili tulifundishwa tangu mwanzo: kutapika, maumivu ya kichwa, usingizi usio wa kawaida, hasira isiyo na sababu, macho yanayoelekea chini kama jua linalozama. Ukiliondoa hilo la macho, orodha iliyobaki ni ya kila mtoto aliyewahi kuugua homa. Mwaka uliotangulia nilimkimbiza hospitali mara tatu kwa dalili hizo, na mara zote tatu shanti ilikuwa nzima. Mara ya tatu daktari aliyechoka alinirudishia kadi akitabasamu, akasema, "Baba, mtoto ana mafua. Mwenye kuhitaji mapumziko ni wewe." Hakukusudia ubaya. Hata hivyo sentensi ile niliondoka nayo, nikakaa nayo nyumbani.

Usiku ule alitapika saa tisa na dakika kumi. Najua dakika kwa sababu tuna daftari, na katika daftari hilo tunaandika kila kitu: saa, mililita za mkojo, dawa, choo, jambo lolote lisilo la kawaida. Nilimsafisha, nikambadilisha shuka, nikamlaza ubavu, nikafungua daftari. Niliandika saa. Niliandika "ametapika mara moja, mengi." Kisha kalamu ikasimama kidogo, na nikaongeza maneno mawili ambayo hakuna aliyeniomba: "labda chakula."

Nimeyafikiria maneno hayo mawili kwa miaka kadhaa sasa. Daftari lile lilikuwa la kuandika tulichokiona, si tunachokitamani, na kanuni hiyo niliiweka mimi. Lakini nilikuwa peke yangu, nikiwaza jinsi nitakavyoingia tena pale mapokezi kwa mara ya nne, baba yule yule mwenye hofu, safari hii bila hata mke wa kusimama karibu yangu. Nikaamua kusubiri kidogo. Saa kumi nilimpa maziwa kidogo ili nione kama yatakaa tumboni, nikajiambia kwamba hicho ni kipimo. Yalikaa dakika ishirini. Baada ya hapo akaacha kulia, nami, Mungu anisamehe, nikaona ni nafuu. Nilimwita, akafungua macho, akasema, "Baba, kichwa kinapiga," akayafumba. Saa kumi na moja na robo nilimwita tena na hakujibu mpaka nilipomtikisa bega, na alipofungua macho niliona weupe juu ya mboni, ukanda mwembamba ambao sikuwahi kuuona tangu alipokuwa mchanga. Nilimbeba nikiwa peku. Mke wangu nilimpigia simu nikiwa njiani. Hakuuliza kwa nini sikumpigia mapema, alisema tu, "Naja," akakata.

Kwenye kitengo cha dharura muuguzi alimpokea mtoto, akaninyanyulia macho na kuuliza mama yake yuko wapi. Nikajibu kwamba amesafiri, mimi ndiye baba. "Sawa, baba," akasema huku akimfunga kifaa cha kupima mapigo kidoleni, "lakini nani anayemjua mtoto vizuri?" Swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi, na kwa kawaida huniudhi. Asubuhi ile halikuniudhi, kwa kuwa sikuwa na hakika na jibu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole. Alimbonyeza tumbo, akamwangalia koo, akaniambia kwamba siku hizo watoto wengi walikuwa wakija na kutapika, na kwamba huenda dripu ingetosha. Nilimweleza habari za shanti. Nilimweleza habari za macho, lakini wakati huo mtoto alikuwa ameyafumba na mwanga wa tochi ulimfanya ayakaze zaidi. Basi nikatoa daftari, silaha yangu, nikamfungulia ukurasa. Aliusoma kwa makini kuliko nilivyotarajia. Kisha akaweka kidole kwenye mstari na kusema, bila kejeli yoyote, "Lakini baba, hapa umeandika mwenyewe. Labda chakula."

Sikuwa na neno. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeandika vile si mimi ninayesema naye, ni mtu mwingine aliyekuwa akiogopa aibu saa tisa za usiku, ila hayo si maelezo anayopewa daktari. Nilichoweza kusema ni, "Nilikosea kuandika hivyo," na nilisikia jinsi yalivyosikika.

Aliyeokoa jambo ni yule yule muuguzi. Alikuwa bado amesimama upande wa pili wa kitanda, macho kwenye namba za kile kifaa cha kidoleni. "Daktari," akasema, "mapigo hamsini na nane." Mtoto wa umri ule hata akiwa amelala mapigo yake hutarajiwa kuwa sitini na tano au zaidi; yanaposhuka namna hiyo kwa mtoto mwenye shanti, maana yake ni kwamba msukumo ndani ya fuvu umeanza kubana sehemu ya ubongo inayouendesha moyo. Kijana aliliweka daftari kando. Kuanzia hapo hakuna aliyetembea polepole. Picha ya kichwa ilipigwa, ikawekwa kando ya ile ya zamani niliyokuwa nimeibeba katika bahasha, na hata mimi nisiyesomea chochote niliona kwamba vile vyumba vya maji katikati ya ubongo vilikuwa vimepanuka.

Daktari wa usingizi alikuja na fomu ya ridhaa, akaniuliza mtoto amekula nini na saa ngapi. Hesabu ya kawaida ni kwamba maziwa yanataka saa sita kabla ya usingizi wa upasuaji, maji matupu saa mbili. Nikasema: maziwa, saa kumi alfajiri. Nikaongeza kwamba alitapika. Nikaongeza tena, ingawa hakuniuliza, kwamba alianza kutapika saa tisa na dakika kumi. Alitazama saa ya ukutani, akaandika, akasema hawawezi kusubiri na kwamba watachukua tahadhari ili tumbo lisirudishe kitu mapafuni. Hakunilaumu. Nilitia sahihi.

Kwenye benchi la nje nilimkumbuka John Holter, ambaye niliwahi kusoma habari zake: hakuwa daktari, alikuwa fundi wa mitambo huko Philadelphia, na mwanawe alipozaliwa na mgongo wazi na maji kichwani, aliunda vali ya silikoni kwa kushirikiana na daktari wa upasuaji Eugene Spitz, na mwaka 1956 vali hiyo ikaanza kuwekwa kwa watoto. Vali nyingi zilizofuata zinaidai ile. Huwa nafarijika nikimfikiria. Siku ile sikufarijika. Nilichoona ni kwamba yeye aliitazama hitilafu usoni mpaka akaielewa, na mimi nilikuwa nimeitafutia jina lingine.

Upasuaji ulichukua saa moja na kitu. Kipande cha juu cha mpira kilikuwa kimezibwa, kikabadilishwa.

Mke wangu aliwasili saa nne asubuhi na vumbi la safari. Mtoto alikuwa amelala, bandeji imemzunguka kichwa, rangi imemrudia. Mama yake alimgusa shavu, kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa daftari. Alisoma ukurasa wa usiku ule taratibu, na alipofika kwenye yale maneno mawili kidole chake kilitulia hapo kwa muda ambao nisingependa kuukadiria. Nilianza kusema kitu. Alikuwa ameshainua shuka na kuweka kiganja chini ya kitovu cha mtoto, akibonyeza kidogo, kama tufanyavyo sote wawili kila siku.

"Katheta ya saa kumi na moja?" akauliza.

Sikuwa nimemwekea. Tangu saa tano za usiku hakuna aliyemwekea, na katika pilika zile hakuna aliyekumbuka, mimi wa kwanza.

Alinawa mikono kwenye sinki la wodi, akafungua mkoba wake wa safari, akatoa katheta mpya ikiwa katika pakiti yake. Alikuwa amesafiri siku mbili bila mtoto, na bado alikuwa ameibeba. Nilimshikia chombo. Alipomaliza aliinua chombo usawa wa macho, akasoma alama, akachukua kalamu, na chini ya mwandiko wangu akaandika: saa nne na dakika ishirini, mililita 260.