Eti walimu wanatoka kazini mapema

Kuna kauli imenichosha masikio siku hizi, "walimu nao, saa tisa mtu yuko kwake, Juni likizo, Desemba likizo, wanalalamika nini?" Naisikia kwenye daladala, naisikia saluni, hadi kwa ndugu zangu wa damu. Sasa mimi naishi na mwalimu, dada yangu mkubwa, anafundisha darasa la kwanza shule ya serikali hapa Dar, na hiyo saa tisa mnayoisema ndo kwanza kazi inahamia kwenye meza yetu ya chakula.

Kwa mwongozo wa serikali mwalimu mmoja anatakiwa awe na watoto 45. Dada ana 130 na ushee, na anakwambia afadhali, maana 2016 elimu bila malipo ilivyoanza watoto waliletwa kwa mpigo, hata wale waliokuwa wamekwama nyumbani kwa sababu ya michango, jambo zuri kabisa sina ugomvi nalo, ila walimu na vyumba havikuongezeka kwa mwendo huo. Piga hesabu sasa. Daftari moja dakika moja tu, kulifungua, kusoma, kuweka pata au kosa, tayari masaa mawili yameenda na hapo ni somo moja. Na darasa la kwanza husahihishi tu ukaondoka, unamwandikia mtoto mstari wa juu wa mwandiko ili aufuatishe, daftari moja moja, zote hizo.

Juzi tulikaa wote tukisahihisha, nikakuta mtoto kaandika "dada" kila penye "baba", ukurasa mzima, mwandiko mzuri tu. Nikajua hapo ni makosa tupu tunageuza. Dada akalichukua daftari akacheka, akasema huyu herufi zote anazijua, b na d ndo zinamgeukia, akamchorea b kubwa na kamshale kadogo kuonyesha penseli inaanzia wapi, halafu akaandika jina lake kwenye kakaratasi kake ka kesho, wa kukaa naye wenzake wakiwa kwenye uji. Hako kakaratasi kana majina kila siku. Kuna wa kuhamishiwa mbele kwa sababu anakunja macho akiangalia ubao, kuna wa kuulizwa taratibu kwa nini kila Jumatatu anasinzia. Hakuna fomu ya kujaza hayo na hakuna anayekuja kuyakagua.

Yanayokaguliwa ni mengine. Azimio la kazi, yaani mpango wa nini kitafundishwa lini, andalio la somo, mahudhurio, takwimu ambazo zinatakiwa leo leo kana kwamba mtu alikuwa amekaa tu anazisubiri. Mtaala mpya ulivyoanza 2024 darasa la kwanza lilikuwa kwenye kundi la mwanzo, kwa hiyo maandalizi ya miaka yote aliyokuwa nayo akayaweka pembeni akaanza upya, huku vipindi vinaendelea kama kawaida.

Halafu kuna mambo ambayo mi nadhani hata hayana jina. Penseli. Watoto zaidi ya mia na wote penseli zimekatika, "madam nichongee, madam nichongee", kidole gumba chake cha kulia kina sugu kabisa. Kwenye kabati la ofisini ana sketi na kaptula za akiba, kwa sababu mtoto wa miaka sita akijikojolea darasani haendi nyumbani kubadilisha, mama yuko sokoni. Hizo nguo kazifua nani? Zinafuliwa hapa kwetu Jumamosi. Usiku sauti imekauka anaongea kwa ishara na tangawizi yake mkononi, na simu inaita, mzazi anauliza mwanangu mbona sweta lake silioni.

Wakiambiwa hayo watu wana jibu lao, "ualimu ni wito". Sawa ni wito, ila mwenye nyumba wetu anataka kodi, hajawahi kupokea wito. Na nimeona hilo neno linatumikaga zaidi pale mtu anapodai haki yake, akiwa kimya hakuna anayelikumbuka. Daktari naye si ana wito, mbona hatumwambii anunue mabomba ya sindano kwa mshahara wake? Chaki za rangi, manila, gundi, vyote hivyo dada huwa ananunua mwenyewe pesa ya shule ikichelewa.

Haya, wiki ijayo anaanza kuhesabu kwa vitendo na anataka kila mtoto awe na vizibo vya soda kumi vyake mwenyewe, yaani vizibo 1,300 na zaidi, na nimeteuliwa mimi kuzunguka kwenye mabaa ya mtaani kuokota. Mama mmoja wa baa ameshaniuliza kama nina akili timamu, nikamwambia ni za darasa la kwanza, akanitolea ndoo nzima. Bado naombaomba, mwenye navyo anishtue.