Nilivyolinda seva ya duka isituangushe

Duka letu la jumla Kariakoo linategemea mashine pepe tatu (kompyuta za kiprogramu) ndani ya seva moja inayotumia Proxmox, programu ya kuendesha mashine za aina hiyo: moja ina hifadhidata ya PostgreSQL, nyingine programu ya mauzo, ya tatu hupokea malipo ya simu. Kabla ya kugusa chochote nilimuuliza mzee mwenye duka: seva ikifa, uko tayari kupoteza mauzo ya muda gani? Akanijibu, "Kijana, hata dakika kumi ni ugomvi na watu wa mkopo."

Basi bekapu ya usiku peke yake haikufaa. Niliiacha iendelee, ila nikaipanga PostgreSQL itume faili zake za WAL, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la data, nje ya seva kila dakika tano. Snapshoti, yaani picha za hali ya mashine kwa wakati fulani, sikuzihesabu kabisa. Zinakaa kwenye diski ileile, diski ikifa nazo zimekwenda.

Nakala moja iko Ulaya, nyingine kwenye kompyuta ya ghalani Mbagala. Ya ghalani niliipigania, maana Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilikuwa ya kubembeleza. Huvuti mashine nzima kutoka Ulaya kwa hali ile.

Jumapili nikafanya zoezi la kuzirejesha mashine kutoka kwenye nakala ya ghalani, mashine zote zikiwa zimetengwa na mtandao wa nje. Bila hivyo, ile ya malipo ingeamka na kuanza kuwatumia wateja meseji za zamani. Zote ziliwaka vizuri, ila risiti haikutoka: programu ya mauzo ilitangulia kuamka, ikaikosa hifadhidata, ikakata tamaa. Nikapanga zamu: hifadhidata kwanza, zingine zisubiri. Kompyuta za kaunta nazo nikazielekeza kwa jina la seva badala ya namba ya IP, ili kuhama iwe kubadilisha rekodi moja tu ya DNS, orodha inayoonyesha jina lipi ni la namba ipi.

Umeme ulipokuja kuunguza seva kweli, wauzaji waliandika risiti kwa mkono mpaka ghala likashika kazi. Jioni tukaziingiza moja moja, tukilinganisha na taarifa ya malipo ya simu.

Kurudi Kariakoo ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi. Seva ilipotoka kwa fundi ilikuwa bado na hifadhidata ya kabla ya ajali, kwa hiyo nilichomoa waya wa mtandao kwanza, ndipo nikaiwasha, isije ikaanza kupokea mauzo juu ya data ya zamani.